Kabla ya Tofali la Kwanza Kizimkazi

Ukishapata kiwanja Kizimkazi, iwe Dimbani au Mkunguni, wa kwanza kukujia ni fundi na mchora ramani. Mmoja atauliza vyumba vingapi, mwengine atauliza ya chini au ghorofa. Maswali yao ni ya maana, lakini yamekuja mapema. Linalotangulia yote huku kusini mwa Unguja ni hili: maji ya chooni kwako yatakwenda wapi, na maji ya kunywa yatatoka wapi? Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, na ndani ya mwamba huo choo na kisima ni majirani hata kama kwa juu vimeachana mbali. Ukilijibu swali hilo mwanzo, utajua nyumba ikae wapi. Ukiliacha la mwisho, utalijibu kwa kuvunja ulichokwisha kujenga.

Mtu akisema "nimeweka mhandisi" huwa anamfikiria mtu mmoja mwenye kofia ngumu anayejua kila jambo la ujenzi. Uhandisi ujenzi una matawi, na tawi moja linatosha kumshughulisha mtu umri wake wote. Yupo wa ardhi na miamba, anayeangalia kama chini patabeba. Yupo wa maji na majitaka. Yupo wa miundo, anayehesabu nguzo, mihimili na nondo. Yupo wa barabara, yupo wa pwani na bandari, na yupo anayesimamia kazi, gharama na ratiba. Nyumba ya vyumba vitatu haidai uwalipe wote hao. Inadai ujue swali lipi ni la nani, usije ukampelekea mtu wa nondo swali la kisima. Hapa nimeyafuata matawi hayo kwa mpango ambao kiwanja cha Kizimkazi chenyewe kinautaka.

Mwamba kwanza

Ukitoka mjini ukapita Tunguu na Jozani hadi Kitogani, unaiona ardhi ikibadilika. Magharibi mwa kisiwa kuna udongo wa kina, ndiko minazi na mikarafuu ilikostawi. Kusini na mashariki ni uwanda: mawe, vichaka, na udongo mwekundu uliojikusanya kwenye mifuko katikati ya mawe. Mwamba huo uliota chini ya bahari. Bahari iliposhuka ukabaki nchi kavu, na mvua ya maelfu ya miaka imekuwa ikiula kwa ndani. Juu ni mgumu, ndani una matundu kama mkate wa kumimina. Tundu moja linapitisha kidole, jengine linaingia mtu mzima. Pango la Kuumbi karibu na Jambiani, ambako wanaakiolojia wamechimba na kukuta mabaki ya watu wa kale, ni tundu la namna hiyo lililokua.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiende kiwanjani na futikamba peke yake. Chukua mtaimbo na mtu mwenye mkono mzito. Fyekeni vichaka, kisha mpite mistari, mgonge mwamba kila hatua moja au mbili. Pakiwa pazima mtaimbo unaruka na sauti inakuwa kali na fupi. Pakiwa na uwazi chini, sauti inakuwa nzito na inakawia. Pafanye alama kwa chokaa. Halafu mtafute mzee aliyewahi kulima hapo umwulize jambo moja tu: masika yakinyesha sana, maji yanatuama wapi na yanapotelea wapi? Mahali maji yanapopotelea ghafla ndipo penye mdomo wa ufa, na hapo hapajengwi kitu kizito.

Mtaimbo unakwambia habari za juu tu. Kwa nyumba ya chini yenye kuta za tofali unaweza kutosheka nao, pamoja na mashimo machache ya kuchimba kwa mkono. Ukitaka ghorofa, mlipe mhandisi wa ardhi atoboe kwa mashine kila mahali patakaposimama nguzo kubwa, mita tatu kwenda chini au zaidi, akuandikie alichokikuta. Tundu dogo husafishwa na kujazwa zege. Pango hukimbiwa: isogeze nyumba. Kulijaza pango kwa kifusi na kumwaga msingi juu yake ni kuuficha ugonjwa.

Lipo kosa jengine ambalo halina pango lolote ndani yake. Upande mmoja wa msingi umekaa juu ya jiwe, upande wa pili umekaa juu ya mfuko wa udongo mwekundu. Jiwe halishuki. Udongo unashuka, polepole, na zaidi mvua ikiuingia. Baada ya masika mawili ukuta unachana kwa mshazari, kutoka pembe ya dirisha hadi chini. Watu hulaumu saruji. Dawa yake ilikuwa kuutoa ule udongo wote mpaka jiwe lionekane, au kufunga mkanda wa zege wenye nondo chini ya kuta zote ili nyumba ishuke pamoja kama ni ya kushuka.

Maji, na hapa nitakaa

Mvua inayonyesha uwandani haitengenezi mito. Inazama. Huko chini inakuta maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba huo huo, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu yake. Kisima chako kinachota kwenye tabaka hilo linaloelea. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mtu kwa wakati wake, walipata kanuni ambayo mhandisi yeyote wa maji visiwani anaijua: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Inafurahisha kuisikia, lakini isome kwa upande wa pili. Pampu yako ikiyashusha maji ya kisima kwa nusu mita tu na kuyaweka hapo muda mrefu, chumvi inaweza kupanda mita 20 kutoka chini. Ndiyo sababu kisima kilichokuwa kitamu kinageuka chumvi mwaka ambao hoteli ya jirani imeweka pampu kubwa, na ndiyo sababu kuzidisha kina hakusaidii. Huku, kisima kifupi chenye pampu ndogo inayovuta polepole ni bora kuliko kirefu chenye pampu ya nguvu.

Sasa weka choo kwenye picha hiyo. Penye udongo wa kawaida, majitaka yanapopita taratibu katikati ya chembe za udongo husafika njiani, na mita 30 kati ya choo na kisima huhesabiwa kuwa masafa ya kutegemewa. Kwenye mwamba wenye nyufa, uchafu unapita kama ndani ya bomba. Mita 30 hapa hazikuhakikishii kitu, wala 50. Mafundi wengi huchimba shimo mpaka "likubali", yaani mpaka wafikie ufa unaomeza maji, kisha husema kwa furaha kwamba shimo hili halitajaa. Ni kweli halitajaa, kwa kuwa linamwagia kwenye kisima cha mtu, au kwenye Ghuba ya Menai, ambayo ni eneo la hifadhi tangu 1997 na ndiko wanakovua watu wetu na wageni wanakofuata pomboo. Ukisikia neno "likubali" kiwanjani kwako, simamisha kazi.

Unachotakiwa kujenga ni karo lisilovuja. Kwa familia ya watu sita, karo la mita za ujazo tatu hivi linatosha, lenye vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Sakafu iwe ya zege, kuta zipigwe plasta ndani kwa saruji, na kabla halijafunikwa lijaze maji, uweke alama ya mstari, ulale, uamke uangalie. Maji yakiwa yameshuka, karo linavuja, na plasta irudiwe. Kutoka chumba cha pili usiyapeleke maji chini kwenye ufa. Yapeleke kwenye kitanda cha mchanga na udongo ulioletwa, kilicho karibu na uso wa ardhi, na pandikiza migomba juu yake. Udongo na mizizi ndivyo vitakavyofanya kazi ambayo mwamba hauwezi. Kwa kuwa maji ya chini ya ardhi huelekea baharini, weka karo upande wa baharini na kisima upande wa bara, na uangalie kisima cha jirani kabla hujaangalia chako. Panga pia njia ya gari la kunyonya: kila miaka mitatu hivi litahitajika, na bomba lake halivuki nyumba ya mtu.

Mji wetu uliwahi kulipa gharama ya kutotenganisha maji hayo mawili. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu kisiwani, na daktari James Christie aliyekuwapo akaandika kitabu juu yake. Baadaye Sayyid Barghash akavuta maji kwa mfereji na mabomba kutoka chemchemi ya Chemchem hadi Mji Mkongwe. Katika kazi zote za zama zake, hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko majumba.

Mfereji wa Mamlaka ya Maji, ZAWA, ukikufikia, shukuru, lakini bado jenga tangi la mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 120, likinyeshewa milimita 20, linapokea lita 2,400. Toa moja ya tano kwa kinachopotea, utabakiwa na lita 1,900 na kitu. Tangi la lita 10,000 likijaa masika, watu sita wanaotumia lita 40 kila mmoja kwa siku wanakaa nalo siku 40 na kitu. Yaache maji ya mvua ya mwanzo yamwagike, yanaosha kinyesi cha ndege. Kisiwani Chumbe, ambako kote ni mwamba kama wetu na kisima hakuna, mabanda ya wageni yanakusanya mvua ya paa lake kwenye matangi yaliyo chini ya sakafu, na vyoo vyake ni vya mboji visivyotumia maji. Yeyote anayetaka kuweka vyumba vya wageni Kizimkazi aende akaone kabla hajaagiza mabafu.

Chumvi kwenye zege

Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi kwenye mihrabu yake yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, na ukiupita njiani na paa lake la bati unaweza usiujue. Ndani utakuta kazi iliyokatwa kwenye matumbawe ya baharini, yale laini yanayokatika yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Msifanye hivyo tena, matumbawe hai yaacheni baharini. Lakini mhandisi wa vifaa anaona jambo jengine pale: ukuta wa mawe na chokaa hauna chuma cha kuoza. Hewa ya bahari imeupuliza karne na karne na haikupata cha kushika.

Nyumba yako itakuwa na nondo, na nondo adui yake ni chumvi. Chumvi ikiifikia, chuma kinashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, zege linapasuka kutoka ndani, na vipande vinaanguka kutoka darini. Chumvi huingia kwa njia mbili: ya kuletwa na upepo, na ya kuchanganywa na fundi mwenyewe. Hii ya pili iko mikononi mwako. Usikubali mchanga wa pwani hata ukiambiwa umeoshwa. Maji baridi ya kuuosha ipasavyo huku yangekuwa ghali kuliko mchanga. Mchanga Unguja umeadimika, machimbo yako chini ya usimamizi wa Serikali na yanahitaji vibali, na uhaba huo ndio unaowatia watu tamaa ya ufukweni. Nunua wenye kibali na uulize umetoka wapi. Ukifika, tia kwenye chupa kama theluthi moja, ongeza maji, tikisa, uache saa tatu. Tope litakalokaa juu ya mchanga likizidi sehemu moja katika kumi na mbili, rudisha gari. Maji ya kuchanganyia zege yawe yale unayoweza kuyanywa. Kisima cha chumvichumvi kisiguse zege lenye nondo.

Kisha kaa karibu siku ya kumwaga. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo tengeneza boksi la mbao la lita 35 na kila kitu kipimwe kwa hilo: saruji mfuko 1, mchanga maboksi 2, kokoto maboksi 4. Koleo si kipimo, kwa sababu mkono wa asubuhi na mkono wa alasiri haifanani. Maji ni lita 25 kwa mfuko, na yapungue kidogo mchanga ukiwa umelowa. Utamsikia mtu akisema "ongeza maji, halitembei." Kila ndoo inayoongezwa ili zege litembee inaacha vitundu baada ya kukauka, na chumvi inaingilia humo humo. Zege lisukumwe kwa mtetemo na kwa kazi, lisisukumwe kwa maji.

Angalia pia nondo zimekaa wapi ndani ya mbao. Karibu na bahari nataka milimita 50 za zege kati ya chuma na hewa. Mafundi wana vipande vidogo vya zege wanavyoviita biskuti, vya kuiweka nondo mbali na mbao. Hakikisha vimefungwa kwa waya chini na ubavuni. Nondo iliyolala juu ya mbao itaonekana kwa macho siku mbao zikitolewa, na hapo plasta haisaidii. Baada ya kumwaga, funika kwa magunia yaliyolowa na umwagilie siku 7, na zikifika 14 ni bora zaidi. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa.

Kwa kuta za ndani na plasta, chokaa bado ina heshima yake. Mwingereza John Smeaton, mmoja wa waanzilishi wa fani hii, alipojiandaa kujenga mnara wa taa wa Eddystone mwaka 1756 alianza kwa kujaribu chokaa za aina nyingi, akagundua kwamba yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hukaza hata chini ya maji. Waashi wetu walikuwa wakichanganya chokaa na udongo mwekundu, na kuta zao zipo.

Miundo, njia na ufukwe

Kwenye nyumba ya chini, mtu wa miundo ana kazi ndogo lakini usiiruke: akupe ukubwa wa mkanda juu ya madirisha, na namna ya kulifunga paa kwenye mkanda huo kwa chuma ili kusi lisilinyanyue. Kwenye ghorofa, kila nguzo na kila mhimili uwe na mchoro wenye sahihi yake. Zamani urefu wa boriti ya mkoko ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Nondo zimetupa vyumba vipana, na zimetudai uangalizi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilichanganya kuta za mawe na mihimili ya chuma; tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ukiwa na jengo lenye chuma, kila baada ya masika panda juu, tafuta panapovuja, uzibe mwaka huo huo.

Barabara kwako ni jambo la siku moja: lori la kokoto litapita wapi, na maji ya mvua ya njiani yataelekea wapi kando na mlango wako. Ufukweni ndiko kwenye hatari. Angalia bamvua, wakati maji yanapopanda na kushuka kwa tofauti ya mita nne hivi, wala usipime mpaka wako siku ya maji mafu. Shuka maji yakiwa yametoka, utazame jabali kwa chini: mara nyingi mawimbi yamelila ndani na juu pamebaki kama mdomo. Chumba chenye mandhari nzuri hakikai juu ya mdomo huo. Na usijenge ukuta wa bahari kwa uamuzi wako. Wimbi linalopiga ukuta wima linarudi na mchanga, na anayekosa ufukwe ni jirani yako. Hilo ni swali la mhandisi wa pwani na la wasimamizi wa mazingira.

Namna ya kumweka mhandisi kazini

Anza kwa sheha wa shehia yako, kisha kibali cha ujenzi. Zanzibar ina bodi yake ya kusajili wahandisi, tofauti na ya Bara, kwa hiyo omba namba ya usajili na uihakiki huko. Usimwulize mtu kama yeye ni mhandisi. Mwulize ni wa tawi gani na amejenga wapi penye uwanda. Malipo yagawe kwa ukaguzi: anapoukubali mwamba uliochimbuliwa, anapoona karo limejazwa maji, anapokagua nondo kabla ya zege, anapoliona paa limefungwa. Zege lisimwagwe kabla hajafika, hata kama vibarua wameshakusanyika.

Kama uko Muscat au Birmingham na anayesimamia ni mdogo wako, asikutumie picha za kuta. Akutumie picha ya mtaro wa msingi ukiwa mtupu, ya biskuti chini ya nondo na futikamba ikionekana pembeni, na ya mstari wa maji ndani ya karo jioni na asubuhi yake.

Msingi na karo vianze Juni, masika yakishapita, vimalizike kabla ya vuli. Kazi ikiisha, chora karatasi moja inayoonesha karo, kitanda cha mchanga, tangi, kisima na kila tundu ulilolijaza, pamoja na umbali wake kutoka pembe za nyumba. Nakala moja iweke na hati zako, moja mpe sheha, na moja mpe jirani anayefikiria kuchimba kisima.